Kitunguu, ngege na maikroskopu moja ya shule

Hii ndiyo ile hotuba nilitoa siku ya sayansi kwa shule moja ya sekondari huku Seme, nje kidogo ya Kisumu. Mwalimu mmoja na wazazi wawili waliniomba niichape, kwa hivyo nimeichapa vile niliongea, na nikarudisha sehemu kadhaa nilikuwa nimeziruka juu mvua ilikuwa inakuja na hema lilikuwa limetoboka.

Mwalimu mkuu, walimu, wazazi wetu mlioacha shamba mkakuja, na nyinyi wanafunzi, hamjambo. Aya, hiyo sauti ni ya watu hawajakunywa chai. Hamjambo tena? Sasa hapo sawa.

Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu kwa miaka kumi na kitu imekuwa kukaa kwa kiti kirefu, jicho kwa lenzi, natafuta malaria kwa damu ya watu. Mgongo unauma, macho yanachoka, lakini sijawahi kuchoka na kile naona. Kabla niwaambie habari za seli, vile vipande vidogo vyenye vinajenga kila kiumbe hai, nataka kuungama kitu, na walimu mnisamehe juu ni kosa la zamani sana.

Nikiwa kidato cha pili tulikuwa wanafunzi karibu sitini na maikroskopu ilikuwa moja. Ile ya zamani yenye kioo chini, unaielekeza kwa dirisha inakula mwanga wa jua, na jua likiingia kwa wingu somo limesimama. Siku ya kuangalia ngozi ya kitunguu tulipanga laini hadi nje kwa veranda. Zamu yangu ikafika, nikaweka jicho, nikaona duara kubwa limezungukwa na mstari mweusi tititi na katikati linang'aa kama mbalamwezi. Nikasema moyoni, omera, hii ndiyo seli! Nilikuwa na kama sekunde ishirini, aliye nyuma ananisukuma. Nikarudi kwa dawati, nikafungua kitabu, nikachora seli ya kitabu. Ukuta, utando, kiini, mitokondria nne, kloroplasti za kijani nikazipaka na penseli ya rangi, na ribosomu nikaziweka doti doti kila mahali kama pilipili kwa mchuzi. Nikapata tisa kwa kumi. Ile moja nilinyimwa juu niliweka kichwa cha mshale kwa mistari ya majina.

Sasa nisikizeni. Ile duara niliona ilikuwa kiputo cha hewa. Kitunguu chenyewe sikukiona. Kloroplasti, zile za kukamata mwanga, hazimo kwa ile ngozi ya ndani ya kitunguu, manake kitunguu kinakaa gizani ndani ya mchanga, kitafute mwanga wa nini? Na ribosomu, zile mashini ndogo za kutengeneza protini, hakuna maikroskopu ya shule hapa Kenya ama kwingine inaweza kukuonyesha ribosomu, hata ukiibembeleza. Nilichora vitu sikuona, nikapewa tisa, na hakuna mtu aliniuliza, kijana, hizi ulizionaje? Leo nimekuja kuwarudishia hizo alama.

Tuanze na macho. Jicho la mtu, hata liwe zima kabisa, linaweza kutenganisha vitu viwili kama viko mbali kiasi cha milimita 0.1 hivi. Vikikaribiana zaidi ya hapo unaona kitu kimoja. Seli nyingi ziko chini ya hapo, ndiyo maana binadamu aliishi maelfu ya miaka akiwa amejaa seli kutoka kichwa hadi kucha na hakujua. Chukua chembe nyekundu ya damu, upana wake ni maikromita saba hadi nane, na maikromita elfu moja ndiyo milimita moja. Ukizipanga laini moja, moja ikigusa nyingine, unahitaji kama 130 ndiyo ujaze milimita moja, ile laini ndogo kabisa kwa rula yako.

Mtu wa kwanza kuzipa seli jina ni Mwingereza, Robert Hooke, mwaka wa 1665. Alikata kipande chembamba cha koki, ile ya kuziba chupa, ambayo ni gome la mti, akaona vijumba vidogo vitupu vimepangana, akaviita kwa neno la kizungu la chumba kidogo, na ndilo hilo sisi tunatamka seli mpaka leo. Lakini angalia maneno hayo, vijumba vitupu. Hooke aliona kuta tu. Wenyewe walikuwa wamekufa kitambo. Ni kama mtu apite kwa ploti usiku aone mawe ya nyumba halafu aseme amewajua wapangaji.

Wapangaji walionwa na mtu mwingine kabisa, na huyu ndiye napenda zaidi, juu hakuwa profesa. Antonie van Leeuwenhoek alikuwa anauza vitambaa mji wa Delft, Uholanzi. Watu wa vitambaa walikuwa wanatumia lenzi kuhesabu nyuzi, kujua kitambaa ni kizuri ama ni cha kuibia watu, vile tu mama wa mitumba pale Kibuye anaivuta shati kwa mwanga kabla akupe bei. Huyu mzee akaanza kujisagia lenzi zake mwenyewe, ndogo kama punje, moja ya zile zimebaki inakuza karibu mara 270. Hakujua Kilatini, lugha ya wasomi wa wakati huo, alijua Kidachi chake tu, na akaandika barua kwa lugha hiyo hadi London. Miaka ya 1670 akaangalia maji ya ziwa akakuta viumbe vinaogelea. Baadaye, 1683, akajikwangua uchafu wa meno akaangalia, akakuta vingine vinacheza humo pia. Sasa wewe ambaye hukupiga mswaki leo asubuhi jua kuna watu wako huko.

Nawaambia hizi hadithi kwa sababu moja. Ule mchoro wa seli kwa kitabu chako, ule mzuri wenye kila kitu mahali pake, hakuna mtu hata mmoja aliwahi kuweka jicho akauona hivyo. Umeshonwa pole pole na watu wengi kwa zaidi ya miaka 300, kila mtu na kipande chake na rangi yake na mashini yake. Robert Brown akaleta kiini mwaka wa 1831, alikuwa anaangalia maua ya okidi. Schleiden akasema mimea yote ni seli 1838, Schwann akaongeza wanyama 1839, halafu Virchow 1855 akasema seli inatoka kwa seli, haizuki tu kama uyoga. Mitihani inapenda hao watu, mimi naenda mbele.

Kipande ninataka tukae nacho ni kile mnaita aparati ya Golgi. Wangapi mnaijua? Wote. Wangapi mnajua Golgi ni jina la mtu? Ahaa. Camillo Golgi, Mwitaliano, mwaka wa 1898 alitangaza kwamba ameona kitu kama wavu ndani ya seli za neva za bundi. Ndiyo, bundi, mama pale nyuma usishtuke, hakuna mtu alikufa. Alikuwa anatumia rangi yake ya madini ya fedha, ile inafanya kitu kigeuke cheusi. Wenzake wengi wakakataa. Wakasema hiyo si sehemu ya seli, hiyo ni uchafu wa dawa zako, umejitilia mwenyewe halafu unatuambia umegundua. Na hawakuwa wajinga, juu rangi kweli huleta uongo, mimi kila wiki naona slaidi imejaa takataka ya rangi na mtu mgeni anaita malaria. Huo ubishi uliendelea miaka zaidi ya hamsini, mpaka maikroskopu ya elektroni ilipokuja kuonyesha vile vifuko bapa vimelaliana kama chapati kwa hotipoti. Golgi alikuwa ameshafariki.

Na kabla ya hiyo yote, huyo huyo Golgi alifanya kazi nyingine ambayo sisi watu wa ziwa tungefaa kumjua nayo kuliko hii ya wavu. Katikati ya miaka ya 1880 aliwafuatilia wagonjwa wa malaria akaangalia damu yao saa baada ya saa, akaonyesha kwamba ile homa inapanda wakati chembe nyekundu zinapasuka na vimelea kumwagika kwa damu. Ule mtetemeko wenye unakufunika blanketi tatu na jua linawaka nje, ndio huo. Seli zako zinapasuka kwa pamoja.

Sasa huo wavu unafanya nini? Tafuna ugali polepole bila mboga, utasikia unaanza kuwa mtamu. Hiyo ni mate inavunja wanga. Ndani ya mate kuna protini ya kufanya hiyo kazi na protini hiyo imetengenezwa na seli za tezi za mate. Maelezo ya kuitengeneza yako kwa kiini, kwa DNA. Nakala ya maelezo inatoka nje ya kiini, inapelekwa kwa ribosomu, ribosomu inaunganisha vipande vya protini kimoja kimoja kama mtu anatunga shanga. Ribosomu hizo zimegandamana kwa retikulamu ya endoplazimu, ile yenye madoadoa, na protini inaingia humo inakunjwa vizuri. Ikishakunjwa inawekwa kwa kifuko kidogo, kifuko kinasafiri hadi Golgi, hapo inamaliziwa, inaongezwa sukari kama inahitaji, inaandikwa anwani, inapakiwa tena, inaenda ukingoni mwa seli na kumwagwa nje. Si kubahatisha, kuna mtu aliifuata hiyo safari. George Palade na wenzake walichukua kongosho ya mnyama, wakaipa malighafi ya protini yenye mionzi kwa dakika chache tu, halafu wakaangalia iko wapi. Kwanza iko kwa retikulamu. Dakika chache baadaye iko Golgi. Kufika saa moja na kitu iko kwa vifuko, inangoja kutoka. Walipewa Nobel 1974, yeye na Albert Claude na Christian de Duve. De Duve ndiye wa lisosomu, vifuko vya asidi vya kuyeyusha vitu vilivyochakaa. Kiluwiluwi anapogeuka chura, mkia hauanguki, unayeyushwa na lisosomu na nyama yake inatumika tena. Hakuna kitu kinatupwa.

Mitokondria. Najua mnachotaka kusema na nawaomba msiseme. Hiyo sentensi ya nyumba ya nguvu kila mtoto anaijua na ukimuuliza nguvu inatokaje ananyamaza. Wacha niseme hivi. Sukari ni noti ya elfu. Ingia matatu asubuhi saa kumi na mbili, nauli hamsini, umpe makanga noti ya elfu, utateremshwa. Pesa unayo, lakini haitumiki hivyo. Seli nayo iko hivyo, msuli hauwezi kutumia sukari moja kwa moja, unataka chenji, na chenji yake inaitwa ATP. Mitokondria ndiyo inavunja ile noti, kwa kutumia hewa ya oksijeni unayovuta, na sukari moja inatoa chenji kama 30 hivi. Bila oksijeni seli inapata mbili tu, na hapo ndipo unasikia miguu inachoma kwa mbio za mita mia nne. Ndiyo maana seli za moyo zimejaa mitokondria. Na mitokondria ina DNA yake yenyewe, jeni 37, yaani maelezo 37, kwa binadamu, na zote umezipata kwa mama. Baba zetu, poleni. Inaaminika kwamba zamani sana ilikuwa bakteria inajitegemea, ikaingia kwa seli nyingine ikakaa. Lynn Margulis alisimamia hiyo hoja kutoka 1967 na watu walimcheka kabla wakubali.

Hapo ndipo nafika kwa kitu kilinifanya nisilale siku nilikisoma. Mnajua kloroplasti ni ya mimea, ya kukamata mwanga. Kile kimelea cha malaria, Plasmodium, chenye natafuta kila siku, ndani yake kuna kitu kinaitwa epikoplasti, na hicho ni mabaki ya kloroplasti. Ndiyo. Babu wa babu zake alimeza mwani, mwani ukabaki ndani, vizazi na vizazi vikapita, ikapoteza kijani, ikaacha kukamata mwanga, lakini haikutoka. Imezungukwa na tando nne na iko na DNA yake. Bado inatengenezea kimelea vitu haiwezi kukosa. Kwa hivyo mtu akilala na malaria pale Kondele ana mabilioni ya vitu ndani ya damu yake vinatokana na mmea wa majini. Na juu ribosomu za hiyo epikoplasti zinafanana na za bakteria, dawa kama doxycycline ambayo ni ya kuua bakteria inaipata. Lakini kwa mpango wa ajabu, kimelea chenyewe kinaendelea kwanza, watoto wake ndio wanashindwa kuendelea. Sasa msiende kununua hiyo dawa kwa duka, mimi nimeongea seli, sijaandika dawa.

Twende kwa damu basi. Chembe nyekundu yako haina kiini. Ilikuwa nacho ikiwa changa kwa uboho wa mfupa, ikakitoa. Mitokondria pia haina. Imejitoa kila kitu ndiyo ibebe hemoglobini, ile protini ya kubeba oksijeni, kama molekuli milioni 270 kwa chembe moja, na kwa vile haina kiini haiwezi kujirekebisha, inazunguka siku kama 120 halafu basi. Kimelea kinaingia hapo, kinakula ile hemoglobini, na kwa spishi ile kali ya huku kwetu, falciparum, baada ya kama masaa 48 chembe inapasuka inatoa vimelea vipya nane hadi 24. Fanyeni hesabu yenyewe.

Lakini samaki si hivyo. Mkienda Dunga asubuhi mama anapara ngege, chukua tone la damu kwa slaidi, ulisambaze liwe jembamba sana, likauke, utie rangi. Utaona chembe nyekundu ni za yai yai, na kila moja iko na kiini chake katikati kimekolea. Kuku pia hivyo hivyo. Siku ya kwanza niliona hiyo niliwaza slaidi imechanganyika. Hii inawezekana hapa shuleni, damu ya samaki. Damu ya mtu msiguse, hiyo muachie sisi wenye glavu.

Na wazazi, dakika moja tu. Kuna chembe zingine naona zimejikunja kama mundu, ndiyo selimundu, ile watu wanaita siko seli. Tofauti yote ni kipande kimoja tu cha protini kwa mnyororo wa vipande 146, cha sita kimebadilishwa, basi. Hemoglobini ikikosa oksijeni inashikana inakuwa nyuzi ngumu, seli nzima inapoteza umbo, inaziba mishipa midogo. Anthony Allison, ambaye alilelewa hapa Kenya, mwaka wa 1949 alizunguka akipima damu za watu akakuta karibu na ziwa na kule pwani wenye hiyo jeni ni zaidi ya 20 kwa mia, na nyanda za juu hata moja kwa mia haifiki. Akachapisha 1954 kwamba ni malaria, yaani mwenye jeni moja tu anakingwa kiasi na malaria kali. Mwenye mbili ndiye anaumwa. Kwa hivyo tafadhali ile stori ya kwamba mtoto amerogwa, ama mama ndiye ameleta, tuiache. Jeni mbili, moja ya baba, moja ya mama.

Sasa maikroskopu yenyewe, juu naona mwalimu anaangalia saa.

Lenzi ya juu inakuza mara 10. Lenzi za chini ziko nne, 4, 10, 40 na 100. Unazidisha. Kumi mara 40 ni 400. Watoto wote wanakimbilia kubwa na hapo ndipo wanapotea. Anza na ile ya 4 kila mara. Na nobu kubwa, ile ya kupandisha na kushusha, ukishatoka kwa lenzi ya 4 na ya 10 usiiguse tena, tumia ndogo. Mimi mwaka wangu wa kwanza kazini nilizungusha nobu kubwa nikiwa kwa lenzi ya 100, nikasikia kaa, slaidi imepasuka, na ilikuwa ya mtoto ambaye mama yake alikuwa ametoka mbali kwa boda. Ilibidi nitoke nje nimwambie tutoboe kidole tena. Mtoto aliniangalia, sijasahau yale macho.

Lenzi ya 100 inataka tone la mafuta maalum kati yake na slaidi, juu mwanga ukitoka kwa kioo kuingia hewani unapinda unapotea, mafuta yanaupitisha karibu vile kioo kinaupitisha. Nikitafuta malaria ndiyo natumia, na siwezi sema hakuna mpaka niangalie sehemu 100 za slaidi nene. Mia moja. Ndiyo maana unangoja kwa benchi unasema hawa watu wa maabara wako kwa simu.

Kukuza si kila kitu. Mwanga wenyewe una ukubwa wake, na Ernst Abbe mwaka wa 1873 alionyesha kwamba kuna mpaka, kwa maikroskopu ya mwanga ni kama nanomita 200, na nanomita milioni moja ndiyo milimita moja. Chini ya hapo unaweza kukuza picha uijaze ukuta, itakuwa ukungu mkubwa. Ni kama umevaa glavu nene za kuchomea vyuma halafu unapapasa mchele wa Ahero gizani, utajua kuna kitu lakini punje hutazihesabu. Ribosomu ni kama nanomita 25. Mmeona zile doti zangu? Maikroskopu ya elektroni, ambayo Ernst Ruska na Max Knoll walianza nayo 1931, ndiyo inafika huko, lakini kitu lazima kikatwe kiwe chembamba mno na kiwekwe mahali hakuna hewa, yaani kiwe kimekufa. Na picha zake ni nyeusi na nyeupe. Ile mitokondria ya rangi ya chungwa kwa kitabu, kuna mtu alipaka.

Kwa hivyo kila mashini inakupa kitu inakunyima kingine. Hii yenu ya shule hata kama imezeeka inawapa kitu ile ya mamilioni haiwezi, seli ikiwa hai. Nimeweka slaidi mbili pale mezani. Ya kwanza ina kitunguu na maji tu, sijatia aiodini, ile dawa ya rangi. Punguza mwanga kidogo na ile shata ya chini, ukifika lenzi ya 40 ngojea, usikimbie, hesabu hadi sitini. Utaona vichembe vidogo vinatembea kando kando ya ukuta, pole pole, kama watu wanafuata kijia cha miguu kuzunguka shamba. Hiyo ni sitoplazimu, ule ute wa ndani ya seli, inazunguka, na imebanwa pembeni juu katikati yote imekaliwa na vakuoli, mfuko wa maji. Ile ya pili ina aiodini, hapo kiini kitaonekana kimechukua rangi ya kahawia, na hakuna kitu kitatembea, aiodini imeua.

Mnaweza hata kupima. Weka rula ya plastiki ya kuona ndani chini ya lenzi ya 4, hesabu milimita, kwa hii ni kama nne na nusu. Ukienda kwa lenzi ya 10 unaona kipande cha kama 1.8. Zikienea seli sita kutoka upande huu hadi ule kwa urefu, kila moja ni milimita 0.3. Umepima seli na rula ya shilingi ishirini.

Na wakati mwingine leteni gugu maji, liko bure, ziwa limejaa. Mkate ile shina iliyofura na wembe, nyembamba sana, muone vyumba vya hewa vinavyoifanya ielee. Kuna jamaa wa Nakuru aliniletea maji ya ziwa lao kwa chupa ya soda, nikakuta vijiuzi vya kijani vimejiviringa kama springi, vile flamingo wanakula. Hivyo havina kiini kabisa, ni ndugu wa bakteria, na yule ndege mkubwa wote anaishi kwavyo. Lakini hiyo ni siku nyingine.

Chukueni karatasi tupu. Vitabu viache kwa dawati, vimefungwa. Hakuna kusukumana, kila mtu dakika mbili na mimi ndiye nashika saa. Ukiona mistari miwili tu, chora mistari miwili. Usipoona kiini andika sijaona kiini, nimeongea na mwalimu wenu, hakuna mtu atanyimwa alama kwa hiyo. Wewe mdogo pale mbele, njoo uanze. Funga jicho moja kama linakusumbua, hapana, acha yote wazi ndiyo vizuri. Zungusha polepole. Na ukiona duara linang'aa lina mstari mweusi kando kando, usichore, niite.